Jinsi ya kuwatia moyo askari katika vita dhidi ya waasi: mwongozo kamili kwa kamanda

Vita dhidi ya waasi havina kilima cha kuteka na kupandisha bendera. Askari anatoka doria alfajiri, anarudi jioni na vumbi mwili mzima bila kumwona adui. Kesho yake anapita njia ileile na bomu la kutegwa ardhini linamkata mwenzake miguu. Aliyelitega huenda ndiye aliyewapungia mkono asubuhi. Mambo yakienda hivyo kwa miezi, askari mzuri kabisa huanza kujiuliza maswali mawili: hapa tunafanya nini, na kwa nini tusiwashughulikie wote hawa tumalize? Kamanda asipomjibu, atajijibu mwenyewe, na jibu lake litamfikia kamanda baadaye kwa njia ya kesi.

Mwongozo huu ni kwa kamanda wa platuni, kombania au kikosi, yule anayewajua askari wake kwa majina. Majenerali wana watu wa kuwaandikia hotuba. Wewe huna, na ni afadhali, kwa sababu katika vita hivi askari hupata moyo kwa namna kamanda wao anavyoendesha siku, na hotuba huja mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Jua kwanza kinachowavunja moyo

Usianze na maneno, anza kwa kuzunguka. Nenda kwenye malindo saa nane usiku bila msafara, kaa chini na aliyeko zamu. Ukimuuliza "Mko sawa?" atakujibu "Tuko sawa, afande," hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Uliza kitu kisichojibika kwa heshima tupu. Umelala saa ngapi tangu juzi? Mara ya mwisho kuongea na nyumbani ilikuwa lini? Mshahara wa mwezi uliopita umeingia? Hebu inua mguu nione soli ya buti.

Andika majibu kwenye kijitabu cha mfukoni mbele yake. Lililo ndani ya uwezo wako lifanye haraka, kisha umrudie yeye mwenyewe umwambie limefanyika. Usiloliweza, sema huliwezi. Askari husamehe kukosa betri za redio, lakini ahadi hewa hasahau.

Makamanda wengi hupuuza hatua hii wakiiona ni kazi ya bohari, na hapo ndipo wanapopoteza vikosi. Tazama mashariki mwa Kongo. Novemba 20, 2012, Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, jeshi la serikali likiuacha mji. Mwaka uliofuata, jeshi lilelile liliwasukuma M23 kutoka mlima hadi mlima mpaka kundi hilo likatangaza kuweka silaha chini mwanzoni mwa Novemba 2013. Ni kweli kwamba safari hii lilikuwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na mchango wa brigedi hiyo haukuwa mdogo. Lakini ndani ya jeshi lenyewe pia mambo yalibadilika: maofisa wengi waliitwa Kinshasa, mahitaji yakaanza kufika mbele, na makamanda kama Kanali Mamadou Ndala wakaonekana pale risasi zinapopigwa. Julai 2013, iliposikika kwamba Ndala anaitwa Kinshasa, wakazi wa Goma waliingia barabarani kupinga.

Mfano mwingine si wa vita vya waasi, ila unafaa. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 la Uingereza huko Burma, ambamo maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana, aliamuru kwamba mgao wa chakula wa vikosi vya mbele ukipunguzwa nusu, makao makuu yake nayo yale nusu. Askari walifurahi kusikia hivyo, bila shaka. Faida iliyojificha ni kwamba ofisa wa ugavi mwenye njaa hupiga simu za ugavi kwa bidii ya ajabu.

Hatua ya 2: Wape kipimo cha ushindi wanachokiona kwa macho

"Tunapigania amani na utulivu" ni maneno ya redioni. Platuni inahitaji lengo ambalo koplo anaweza kumwelezea kuruta kwa sentensi moja: kabla ya mvua kuanza, barabara ya kutoka hapa hadi darajani ipitike na magari ya raia bila kusindikizwa. Lengo hilo mtu anaweza kulipima kila wiki.

Kisha chagua dalili chache na mzifuate pamoja. Wangapi wamerudi kufungua maduka? Watoto wanakwenda shule? Kina mama wanapita njia ya mtoni au bado wanazunguka? Kuliko zote, ifuate hii: ni mabomu mangapi yaligunduliwa kwa sababu raia alikuja kusema, na mangapi yaligunduliwa kwa kulipuka? Namba ya kwanza ikipanda, askari ataelewa bila kuhubiriwa kwamba zile doria za kusalimiana na wazee zinaokoa miguu yake.

Kipimo cha kukimbia kama ukoma ni hesabu ya maiti. Marekani ilikitumia Vietnam, na matokeo yake yalikuwa tarakimu zilizopikwa na wakulima walioandikwa kuwa wapiganaji. Kenya wakati wa Mau Mau, kapteni mmoja wa King's African Rifles alifikishwa mahakamani kwa mauaji, na ushahidi ukaonyesha kwamba kombania yake ilikuwa na ubao wa kuhesabu waliouawa na zawadi ya shilingi 5 kwa kila mmoja. Mashtaka ya mauaji yaliporomoka mwishoni mwa 1953, lakini 1954 mahakama ya kijeshi ilimfunga kwa ukatili. Ubao ule uliwekwa kupandisha morali, na ulipandisha kweli. Ulichopandisha pamoja nayo ndicho kilichomfikisha gerezani.

Hatua ya 3: Eleza kwa nini mnajizuia, na usiombe radhi kwa hilo

Hakuna kinachomchosha askari kama kushika bunduki yenye nguvu zote hizo halafu kuambiwa asiitumie. Kamanda dhaifu hulikwepa jambo hili kwa kusema, "Ndiyo amri ya juu, vijana, hata mimi siipendi." Hapo umepata mshikamano wa dakika tano na umepoteza nidhamu ya mwaka mzima, kwa sababu umewafundisha kwamba kanuni za kufyatua risasi ni za watu wasiojua vita.

Afghanistan ilitoa somo zuri kuhusu hili. Mwaka 2009 Jenerali Stanley McChrystal, kamanda wa majeshi ya Marekani na NATO huko, alibana matumizi ya mabomu ya ndege na mizinga kwenye makazi ya watu, kwa hoja kwamba kila raia anayeuawa huzaa maadui wapya. Hoja ilikuwa sahihi, lakini huko chini askari wengi walilalamika kwamba wamefungwa mikono. Agosti 2010 mrithi wake, David Petraeus, alitoa maelekezo mapya yaliyoendelea kusisitiza ulinzi wa raia, ila yakawakataza makamanda wa ngazi za chini kuongeza vizuizi vyao wenyewe bila idhini yake. Tatizo moja lilikuwa hilo: amri ikishuka ngazi tano, na kila ngazi ikiongeza woga wake, inamfikia askari ikiwa haitekelezeki.

Kwa hiyo wasomee kanuni kama zilivyo, bila kuongeza chumvi. Chora njia panda mchangani, weka mawe kuwa magari, na waulize. Pikipiki inakuja kizuizini na haipunguzi mwendo, dereva ana mzigo mbele. Unafanya nini kwanza? Cha pili? Lini unapiga? Waache wabishane. Ukiona wawili wana majibu tofauti, umepata kazi ya jioni hiyo. Na sema wazi jambo ambalo wanahitaji kulisikia kutoka kinywani mwako: haki ya kujilinda haijaondolewa, na atakayepiga kwa nia njema ndani ya kanuni, utasimama naye mbele ya uchunguzi wowote.

Lugha pia ni sehemu ya kujizuia. Kanali H.R. McMaster wa Marekani, kabla ya kupeleka kikosi chake Iraq mwaka 2005 na kuingia Tal Afar, aliwazoeza askari wake kwenye vizuizi vya maigizo wakikutana na watu wanaozungumza Kiarabu, na akapiga marufuku majina ya dharau waliyozoea kuwaita Wairaki. Wengine huona hayo ni mambo ya adabu tu. Jaribu wewe mwenyewe: ukimsikia askari akiwaita wanakijiji wote kwa jina la mdudu, jua ameshafika nusu ya safari ya kuwafanyia ukatili.

Hatua ya 4: Hotuba ya kabla ya kutoka

Sasa unaweza kuzungumza. Wakusanye wakae, wewe simama mahali jua lisiwapige wao machoni. Dakika tano zinatosha. Maelezo ya operesheni yawe yameshatolewa, usiyachanganye na haya. Usisome karatasi. Usitukane adui wala kumdharau, maana wamekutana naye na wanajua si mjinga. Ukimdharau watajua wewe hujakutana naye.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: ukweli, sababu, imani, mipaka, na mahali utakapokuwa wewe. Kwa mfano:

"Vijana, kesho saa kumi alfajiri tunaingia kwa njia ya mtoni. Njia hiyo mnaijua, na mnajua ina mabomu. Sitawaambia haina. Tunaipita kwa sababu tukiiacha wiki moja zaidi, soko halitafunguliwa na wale watu watabaki mikononi mwa wanaotega. Mwezi huu mmegundua mabomu bila kupoteza mtu kwa sababu mnakwenda polepole na mnatazama chini. Kesho iwe vivyo hivyo, hakuna anayetukimbiza. Mtakuta kina mama na watoto ndani ya nyumba. Mtu asiye na silaha haguswi, mali yake haiguswi, hata kuku. Mimi nitakuwa na seksheni ya pili. Sajenti meja ana jambo?"

Swali la mwisho si la mapambo. Sajenti meja akiongeza neno, hata kama ni kuhusu maji ya kunywa, askari wanaona kwamba uongozi unasema sauti moja. Acha nafasi ya maswali, jibu, maliza. Ukiona mkono haunyooshwi kabisa, usidhani wote wameelewa. Mwite koplo mmoja pembeni akueleze kwa maneno yake kesho kuna nini.

Kuhusu dini: sala ya kikosi ina nguvu na watu wengi wanaihitaji, basi mpe nafasi padri na shehe kabla au baada ya hotuba yako. Wewe usigeuze operesheni kuwa vita vya Mungu. Katika platuni yako wamo wa imani ya wale mnaowasaka, na huko kijijini wamo wengi zaidi.

Hatua ya 5: Saa za kwanza baada ya kupoteza askari

Hapa ndipo kamanda anapopimwa, na mtu asiye na muda wa kusoma mwongozo wote asome sehemu hii.

Machi 14, 1968, kombania ya Kimarekani iliyoitwa Charlie ilimpoteza sajenti aliyependwa kwa mtego wa bomu huko Quang Ngai, Vietnam. Ilikuwa imeshapoteza wengine kwa mabomu na mitego katika wiki chache zilizotangulia, na adui walikuwa hawajamtia machoni. Machi 15 walifanya ibada ya kumuaga marehemu, na siku hiyohiyo kapteni wao akawapa maelezo ya operesheni ya kesho yake. Mashahidi walitofautiana juu ya alichosema hasa. Baadhi walieleza mahakamani kwamba walielewa kila watakayemkuta kijijini ni adui. Kapteni alikana kutoa amri ya kuua raia, na 1971 aliachiwa. Lakini Machi 16, pale My Lai, waliuawa raia ambao jeshi la Marekani lilihesabu 347 na Wavietnam 504, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Angalia mpangilio wa siku zile tatu: kifo, ibada, amri ya kwenda, bila nafasi katikati. Basi mambo ya kufanya ni haya, kwa mfuatano huu.

Kwanza, ukishapata taarifa, fika. Si kwa redio. Hesabu watu, hakikisha majeruhi wameondolewa, ona kwamba mwili wa marehemu unashughulikiwa kwa heshima na kwamba wenzake wa karibu hawaachiwi wao kazi ya kufuta damu kwenye gari. Hili la mwisho husahauliwa mno. Waite watu wa platuni nyingine.

Pili, sema ukweli mapema, kabla uvumi haujakutangulia. Nani, nini, wapi. Usitaje jina la kijiji kama la mtuhumiwa. "Bomu lilikuwa njia panda ya kusini" ni ukweli. "Watu wa kusini wametuulia mtu" ni cheche kwenye petroli.

Tatu, iondoe seksheni iliyopoteza mtu kwenye mgusano na raia kwa siku mbili tatu kama hali inaruhusu. Walinde kambi, wasafishe silaha, walale. Kazi ya kupekua nyumba za karibu na tukio ifanywe na wengine, pamoja na ofisa au sajenti mwenye kichwa baridi. Kama huna wengine, nenda nao wewe. Hakuna shughuli nyingine ya maana zaidi kwako siku hiyo.

Nne, zungumza nao jioni, wakiwa wachache. Wala usiwaambie wasiwe na hasira, kwani hawatakuelewa. Kitu kama hiki:

"Tumempoteza Juma. Nina hasira kama ninyi, na sitaki mtu ajifanye hana. Aliyetega bomu lile anataka kesho tuingie kijijini tukapige watu, ili kesho kutwa apate vijana ishirini wapya. Hatutampa zawadi hiyo. Tutamtafuta yeye. Kuna watu hapo kijijini wanaomjua, na watatuambia kama tutaendelea kuwa watu wa kuambiwa. Usiku huu hakuna anayekaa peke yake. Anayetaka kuzungumza, hema langu liko wazi. Anayetaka kunyamaza, anyamaze, ila akae na wenzake."

Tano, tenganisha maombolezo na amri. Siku ya kumuaga mwenzenu iwe ya kumuaga. Tajeni mambo yake ya kweli, hata ya kuchekesha, maana marehemu anayegeuzwa malaika huwa mgeni kwa waliolala naye handaki moja. Amri ya operesheni inayofuata itolewe siku nyingine, mahali pengine, kwa sauti ya kawaida.

Sita, andika barua kwa familia kwa mkono wako mwenyewe, na uwaambie askari umeandika. Kila mmoja wao atajiuliza moyoni nani angeandika yake.

Hatua ya 7 na ya 8 zingeweza kusubiri. Hii inayofuata haisubiri.

Hatua ya 6: Sifia kujizuia hadharani, adhibu ukatili haraka

Askari husoma tuzo kuliko amri. Ukimpandisha cheo aliyepiga tu na ukamsahau aliyeshusha bunduki kwa wakati, umeshatoa mafunzo. Kwenye gwaride la wiki mtaje kwa jina koplo aliyesimamisha gari lenye familia kizuizini bila kufyatua hata risasi moja, na ueleze alichofanya kitaalamu: aliona nini, alisubiri sekunde ngapi. Iwe habari ya ustadi wa askari, isiwe ya huruma tu.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Uchunguzi wa afya ya akili wa jeshi la Marekani nchini Iraq, uliotangazwa Mei 2007, ulionyesha kwamba ni asilimia 55 tu ya wanajeshi wa nchi kavu na asilimia 40 ya askari wa kikosi cha Marine waliokuwa tayari kumripoti mwenzao aliyemjeruhi au kumuua raia asiye na hatia. Petraeus, wakati huo kamanda mkuu huko, aliwaandikia wanajeshi wote barua Mei 10 akikiri kwamba kuona wenzao wakiuawa kikatili kunazaa hasira na hamu ya kisasi, kisha akaeleza kwa nini wasifanye kama adui. Ni barua nzuri ya kuigwa na kamanda wa ngazi yoyote, kwa sababu inaanza na hasira yao ndipo inafika kwenye wajibu.

Akitokea aliyevuka mpaka, mshughulikie kwa sheria siku hiyohiyo, bila kumficha na bila kumdhalilisha. Wengi huogopa kwamba adhabu itavunja morali. Inayovunjika ni morali ya wahuni. Wengi waliobaki hupumua, kwa sababu walikuwa wakingoja mtu aseme basi. Isitoshe, Kifungu cha 3 kilichomo katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinamlinda asiyepigana hata katika vita vya ndani, na mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, kifungu cha 28, unambana kamanda aliyejua au aliyepaswa kujua akakaa kimya.

Mlinde pia anayesema. Pale My Lai, rubani wa helikopta Hugh Thompson alitua kati ya askari wenzake na raia ili kuwaokoa, kisha akaripoti. Alichukiwa kwa miaka mingi. Medali ya Askari (Soldier's Medal) kwa kitendo hicho aliipata 1998, miaka 30 baadaye. Mtu wako asingoje hivyo.

Hatua ya 7: Pigana na uchovu

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa dawa inajulikana, kinachokosekana ni ukali wa kuisimamia. Usingizi uwe amri yenye ratiba, si hisani. Badilisha njia na saa za doria, kwa usalama na kwa akili pia. Zungusha kazi: wa kizuizini wiki hii awe wa doria ijayo. Likizo igawiwe kwa orodha iliyobandikwa ukutani kila mtu aione, na jina lako liwe karibu na mwisho. Anayeanza kunyamaza ghafla, kugawa vitu vyake, au kucheka pasipochekesha, mpeleke kwa daktari wa kikosi, na umsindikize mwenyewe mara ya kwanza ili isionekane ni aibu.

Hatua ya 8: Mkabidhi anayekuja moyo wa kikosi pamoja na silaha

Vita vya Waingereza dhidi ya waasi huko Malaya (Malaysia ya leo) vilidumu tangu 1948 hadi 1960. Hakuna kamanda wa kombania aliyekaa huko miaka 12, na wewe pia utaondoka kabla mambo hayajaisha. Kila zamu ikianza upya, wanakijiji wanachoka kujieleza na askari wanaobaki wanaona jasho lao limemwagika bure. Kwa hiyo anza makabidhiano wiki kadhaa kabla. Tembea na mrithi wako kwa miguu hadi kwa kila mzee mnayeaminiana, umtambulishe kwa jina. Mpe kile kijitabu cha mfukoni, yale yaliyotekelezwa na yaliyokwama. Mwonyeshe ubao mnaoandikia zile dalili za Hatua ya 2 na umweleze kila mstari ulianzaje. Mwambie nani katika platuni amepoteza rafiki na lini, nani hulala vibaya, na koplo gani husikilizwa kuliko cheo chake. Ahadi zozote ulizotoa ambazo hazijatimia, ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.